Cha Bure Chenye Kwao

Toyota ya kijivu ilikuwa bado nyuma yao.

Sindano alikata kona kushoto, akapenya katikati ya malori mawili, akajichimbia kwenye uwanja wa kuoshea magari na kuzima injini. Kwenye kiti cha nyuma, fundi wa winchi wa bandarini alikuwa amelala kifudifudi chini ya turubai. Ni yeye peke yake aliyeyaona kwa macho yake makasha ya bunduki za magendo yakishushwa melini. Saa nne asubuhi hiyo alitakiwa mahakamani.

Toyota ilipita.

Sindano aliirudisha bastola yake ya Beretta kiunoni, akachukua redio.

"Tumefuatwa tena. Nani anaijua njia hii?"

"Mimi, wewe, na aliyeipanga," mkuu wake alijibu.

Aliyeipanga alikuwa mjomba wake.

Wiki iliyopita magaidi wenye bunduki hizo walivamia nyumba ya kwanza alikofichwa shahidi. Mlinzi wa getini aliuawa. Sindano alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Alimkabidhi shahidi kwa wenzake wawili, akaendesha moja kwa moja hadi nyumbani kwa mjomba. Mzee huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, na ndiye aliyemwingiza kwenye idara yake ya kulinda mashahidi. Alimkuta sebuleni, miwani puani, mbele ya kompyuta yenye kitambaa cha kufuma juu yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona asubuhi hii? Kwema?"

"Ratiba za shahidi unaziandikia wapi?"

"Ofisini. Siku nyingine hapa. Mgongo unanisumbua, unajua."

Hakuna kilichokuwa kimefunguliwa kwenye kompyuta, lakini feni yake ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na ngao ya kijani: Safisha Chap.

"Hii nani kaiweka?"

"Mimi. Tangazo liliruka, likasema nina virusi arobaini na saba. Dawa bure. Nikabonyeza."

"Lini?"

"Kama wiki tatu hivi."

Sindano alitoka barazani na simu. Fundi wa kompyuta wa idara, mwanamke wa makamo waliyemwita Mama Waya, alipokea mara moja.

"Hiyo ngao ndiyo jasusi," alisema. "Inanakili kila herufi anayobonyeza. Usichomoe mtandao. Wakiona kimya watashtuka."

"Basi tuwape cha kusoma."

Aliandika mstari mmoja kwenye karatasi, akauweka mbele ya mjomba. Mzee aliuchapa kwa vidole viwili: shahidi, saa tatu na nusu, njia ya kiwanda cha matofali. Alikuwa ameshaelewa.

Sindano alimpa mkuu wake saa na mahali kwa redio ili watu wake wategee kiwandani, kisha wakasubiri.

Saa tatu na dakika thelathini na nne redio ilikwaruza.

"Wameingia. Watu wanne, bunduki tatu."

"Halafu?"

"Wote wamelala chini. Pingu mkononi."

"Shahidi?"

"Yuko ndani ya mahakama."

Sindano alichomoa waya wa mtandao. Akafungua laptopu yake mwenyewe na kumpigia tena Mama Waya.

"Naona visafishaji vya kompyuta vya bure kama ishirini."

"Na nusu yake ni ndugu wa hiyo ngao. Usichukue cha tangazo, wala usidake cha kwanza kwenye orodha. Uliza nani kakitengeneza, na mara ya mwisho kiliongezewa orodha ya virusi vipya lini. Kipakue kwenye tovuti ya mwenyewe. Kikianza kukutisha, toka."

"Cha bure kitatosha?"

"Bure haina ubaya. Taka cha bure chenye kwao."

Cha kwanza kilimwomba namba ya simu. Akakifunga. Cha pili kilikuwa hakijaguswa na watengenezaji wake kwa miaka miwili. Cha tatu kilikuwa cha kampuni inayojulikana, na kiliweza kuwaka kutoka kwenye flashi kabla kompyuta yenyewe haijaamka, jasusi akiwa bado usingizini.

Akakichukua hicho.

Kilikagua kwa dakika arobaini. Kilitoa vitu kumi na kimoja. Ngao ya kijani ilikuwa juu ya orodha. Sindano alikagua upya kwa kisafishaji cha kampuni nyingine, maana shahidi mmoja hatoshi. Hakikukuta kitu.

"Imepona?" mjomba aliuliza.

"Mashine imepona. Nywila zako zote badilisha, kwenye simu ambayo haijawahi kuunganishwa hapa."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, hakuivaa tena.

"Yule mlinzi aliacha watoto?"

"Wawili."

Feni ya kompyuta sasa ilikuwa haisikiki kabisa.

"Na ripoti," mzee alisema. "Jina langu utaliandika?"

"Nimeshaliandika, mjomba. Na nimeshaituma."

Mzee aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili. "Ungeliacha, ningejua sikukulea vizuri."

Sindano alitaka kumshika mkono. Badala yake alichomoa flashi, akaitia mfukoni, akavaa miwani ya jua na kushuka ngazi.

Gari la wapelelezi lilikuwa linaingia getini. Alisogea pembeni, akawaonyesha mlango wa nyumba, kisha akatembea kuelekea barabarani bila kugeuka.