Viatu Vilivyolala Soli Juu

Foleni ilianzia mlangoni mwa duka la viatu, ikapinda kona ya kinyozi, ikaishia mbele ya muuza soda. Yerevan nzima ilikuwa imesikia kwamba viatu vya Yugoslavia vimeingia. Nazeli alikuwa mtu wa thelathini na saba kwenye foleni hiyo, amevaa koti la kijani na kitambaa cheupe shingoni, ametulia kama asubiriye mkate uive. Ndipo kijana mrefu mwenye jaketi la ngozi alipopita kando ya foleni, na watu wakaanza kumpisha bila kuombwa, wakimwita "jan", yaani mpenzi.

"Pita, Zaven jan, pita mbele! Bao la Jumapili lilikuwa asali tupu!"

Zaven alipita akitabasamu hadi alipofika kwa Nazeli. Nazeli hakusogea.

"Samahani, dada, wamenipisha."

"Wao wamekupisha. Mimi bado."

"Hunijui?"

"Nakujua. Namba kumi na moja, winga wa kushoto. Sifa yako mbio, si ndiyo? Haya, kimbia hadi mwisho wa foleni. Si mbali."

Watu waliangua kicheko. Zaven aliona haya, masikio yakamwiva, akaenda kweli kusimama mwisho. Baada ya saa mbili viatu vikaisha. Wote wawili wakatoka mikono mitupu.

"Umeona sasa? Ungenipisha, angalau mmoja wetu angepata," Zaven akamtania.

"Vile vina karatasi ndani ya soli. Mvua mbili tu, vinafunguka mdomo. Nilikuja kuvitazama."

"Saa mbili kwenye foleni, kutazama?"

"Mimi ni fundi viatu. Baba yangu ndiye anayetengeneza njumu za timu yenu."

"Wewe ni binti wa Mzee Manuk! Na mimi miaka mitatu natuma viatu kwa dereva! Mjinga gani mimi!"

"Kuanzia leo avilete mwenye miguu."

Akavileta. Kila Jumatatu alikuja na njumu zake begani, zimefungwa kwa kamba, hata zikiwa hazina kasoro. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya gundi na nta, baba upande huu wa meza, binti upande ule. Mteja akivaa kiatu kilichotengenezwa, Mzee Manuk humwambia, "Tembea nione," naye hutembea hadi mlangoni na kurudi. Zaven alitembea mara tatu tatu, akimkonyeza Nazeli kila akigeuka, mzee akijifanya anatafuta nyundo.

Siku nne kabla ya mechi wachezaji walifungiwa kambini nje ya mji. Huko kulikuwa na simu moja ukutani. Zaven alipiga saluni ya jirani, kwa maana karakana haikuwa na simu, na Satenik mwenye saluni alitoa kichwa dirishani akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Nazeli! Winga wako anakuita!" Wanawake wakazima mashine za kukaushia nywele ili wasikose neno.

"Umekula nini, roho yangu?"

"Maharagwe. Zaven, sema polepole, kuna masikio sita hapa."

"Basi wasikie. Nakupenda! Mama Satenik, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," Satenik akajibu kwa mbali. "Sema tena, huyu mwenye rola za nywele kichwani hakusikia vizuri!"

Ikaingia Oktoba. Jumatatu moja Zaven alileta njumu akiwa na habari: Jumamosi wateuzi wa timu ya taifa wangekuja kutoka Moscow, kumtazama yeye. Macho yalimwaka. Nazeli akazipokea, akazigeuza, na moyo ukamshuka. Kiatu cha kulia kilikuwa kimelika ukingoni hadi uzi unaonekana. Cha kushoto kilikuwa karibu kipya.

"Tembea nione," akasema.

Akatembea. Alitembea vizuri mno, kama askari kwenye gwaride.

"Goti la kushoto linakuuma. Tangu lini?"

"Nani kasema?"

"Kiatu chako. Huutegemei mguu huo, Zaven. Uwanjani unaukwepa."

Akaketi. Bashasha yote ilimtoka usoni. "Tangu Agosti. Huwa ninadungwa ganzi na jamaa mmoja, maumivu yanatulia. Ni Jumamosi tu, Nazeli jan. Wakishaniteua nitajitibu. Usimwambie mtu. Nipe ahadi."

"Na likivunjika hiyo Jumamosi?"

"Halivunjiki. Niahidi."

Akaahidi. Tangu hapo hakupata raha. Akipiga msumari aliuona kama unaingia gotini. Jumanne simu ilipolia saluni alidhani ni hospitali. Ilikuwa sauti ya Zaven, ya kuchangamka kupita kiasi.

"Mbona kimya, mpenzi?"

"Niko. Ganzi umedungwa tena?"

"Ah, wewe! Nakwambia mapenzi, unaniuliza sindano."

Jumatano alimaliza kazi. Njumu zilikuwa tayari kwenda kambini. Kwa watu wake kiatu kilicholala soli juu huita msiba, na katika karakana hiyo hakikuwekwa hivyo ila kile ambacho baba alitakiwa kukikagua. Nazeli alisimama nazo mkononi kwa muda mrefu. Kisha akaziweka upande wa baba, soli juu, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Aliporudi, baba alikuwa amezishika. Alimtazama binti yake. Akavaa kofia, akatoka.

Ijumaa Satenik hakupaza sauti. Alikuja mwenyewe mlangoni. "Njoo, mwanangu. Leo hana utani."

"Ulimwambia nani?" Zaven aliuliza.

"Sikumwambia mtu."

"Daktari kanibonyeza goti mbele ya timu nzima! Nikapiga yowe kama mtoto. Sichezi kesho. Watu wanatoka Moscow kuja kutazama benchi! Goti langu tulilijua watatu, na yule wa sindano hawezi kujichoma mwenyewe. Niapie."

"Naapa sikutamka neno, Zaven."

Kiapo kilikuwa cha kweli, naye alijua si ukweli. Zaven akakata simu. Mashine za nywele zikawashwa moja moja.

Jioni hiyo baba alinena akiwa ameinamia kazi. "Nilimwambia kocha mimi. Zamani palikuwa na beki mmoja, soli zake ziliniambia, nikanyamaza. Leo anauza tiketi pale uwanjani kwa mkongojo. Sitanyamaza mara mbili."

Zaven alipasuliwa goti. Nazeli alipeleka supu hospitalini mara mbili, ikarudishwa sufuria imejaa. Gazeti likamwandika winga mwingine katika timu ya taifa. Theluji ikaja, ikakaa. Kila mlango ulipofunguka Nazeli alitazama miguu kwanza, na kila mara ilikuwa miguu ya mtu mwingine.

Machi, theluji ikiwa matope, iliingia miguu anayoijua. Zaven alikuwa amekonda, jaketi linamning'inia. Baba alikuwa ameenda kununua ngozi.

"Mzee alikuja kwetu jana," Zaven akasema. "Kaniambia ni yeye aliyemwambia kocha. Mimi nilikuita mwongo moyoni miezi mitano. Nisamehe, Nazeli. Uliapa, na kiapo chako kilikuwa safi."

Hapo angeweza kunyamaza. Neno moja tu, nimekusamehe, na kila kitu kingekuwa chake. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Si safi," akasema. "Sikutamka neno, ila niliziweka mbele ya baba soli juu. Nilijua ataziona, na akiziona hatanyamaza. Ni mimi, Zaven. Kisha nikakuapia."

Zaven alimkazia macho. "Kwa nini unaniambia? Ulikuwa umeshashinda."

"Tangu siku ile chakula hakinipiti."

Zaven akageuka, akaelekea mlangoni. Nazeli alihesabu hatua. Tano, sita. Mguu wa kushoto uliburuta. Mkono ukashika kitasa. Nazeli akafumba macho.

Mlango haukulia. Hatua zikarudi, moja nzito, moja nyepesi.

"Umeona?" Zaven akauliza.

"Unachechemea."

"Nachechemea. Daktari anasema mechi moja zaidi na goti lingekwisha. Labda nitacheza wakati wa kiangazi, labda sichezi tena, hajui. Mimi siku ile nilitembea kwa kuigiza, wewe ukaapa nusu. Tuko sawa. Sitaigiza tena mbele yako. Nawe usiniapie nusu."

"Sitakuapia nusu."

"Basi Jumapili mama yangu anakuja kwa baba yako kuomba neno la posa. Kama bado unamtaka winga asiye na mbio."

Nazeli aliinamisha kichwa. Akaona viatu vya Zaven: vya Yugoslavia, vimefunguka mdomo, soksi inachungulia.

"Ulivipata wapi hivi?"

"Foleni. Saa tatu. Sikupishwa na mtu."

Kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Akatandika karatasi sakafuni, akachukua penseli.

"Vua. Huwezi kuja kuposa na viatu vinavyocheka."

Akapiga magoti, akaanza na mguu wa kushoto. Kicheko kilikuwa bado kinamtikisa, mstari ukaenda upogo, naye hakuufuta.