Bega la Kushoto la Shujaa

Mwizi aliacha chuma akaiba kitambaa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipotia mguu dukani asubuhi ile ya Jumatatu.

Deraya ilikuwa imesimama palepale kwenye kiunzi chake cha mbao: kofia ya chuma yenye upenyo wa macho, bamba la kifua, mabega, magoti, mpaka viatu vya bati. Kilichotoweka ni koti la pamba linalovaliwa chini yake. Koti kuukuu, lenye mishono mistari mistari na madoa ya jasho. Mwizi alikuwa amefungua kila kamba na kila mkanda, akalitoa, kisha akairudisha deraya yote mahali pake.

"Mwizi gani huyu anayepanga vitu?" Koplo aliuliza, akinyunyiza unga wa alama za vidole. "Kwangu hata wenye nyumba hatupangi."

"Mwizi mwenye adabu. Hao ndio wabaya, hujui umchukie wapi."

Kituoni walimwita Inspekta Pole, kwa sababu mama huyu hakuwahi kumtia mtu pingu bila kumpa pole kwanza. Alibakiza miezi michache astaafu, na goti lake lilishastaafu kitambo. Akavuta kiti akaketi.

Duka liliuza michezo ya mezani: dadu, kadi, sanamu ndogondogo za mashujaa na majoka. Mwenye duka alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini marafiki wa ujanani bado walimwita Msimulizi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Afande, kesho wanakuja wapiga picha. Kampuni inayotunga michezo inataka deraya yetu iwe mfano wa michoro ya kitabu chao. Wakiipenda, duka linapona. Wasipoipenda, nafunga. Na bila koti haivaliki, mabamba yote hufungwa kwenye koti."

"Nani aliitengeneza?"

"Rafiki yangu, fundi wa bodi za magari. Tulikuwa vijana, tukapata kitabu cha picha za askari wa farasi wa Ulaya ya kale. Wee! Tulirukwa na akili. Milango ya magari mabovu ikawa vifua. Mama yake akatushonea koti kwa mapazia ya sebuleni." Alicheka, kisha akajifuta uso. "Shujaa wetu alifariki mwaka jana."

"Na mchezo wenyewe ulikuwaje?"

"Kila mtu anajichagulia wa kuigiza. Yeye shujaa, mwingine mchawi, mimi nasimulia: mko mlangoni pa ngome, joka linakoroma ndani, mnafanyaje? Dadu zinaamua nani anapona. Tulicheza mpaka mama yake apige kelele kwamba chakula kinapoa."

Alisema hayo akitazama mlango, utadhani wenzake wangeingia sasa hivi.

"Jana duka lilifungwa," Inspekta alisema. "Kufuli nzima. Kaingilia wapi?"

"Dirisha la choo. Halijawahi kufunga vizuri. Wanaolijua ni sisi wa zamani tu: mimi, marehemu, Mchawi, na mdogo wa marehemu. Yule tulimwita Mbeba Ngao."

Mchawi akaitwa. Siku hizi alikuwa mkadiria kodi, na kitambi kilimtangulia mlangoni. Alilitazama dirisha la choo, akamtazama Inspekta.

"Mimi nipite pale, Afande? Labda kwa awamu."

Koplo alicheka mpaka unga ukamwagika.

Mchawi hakucheka. Alikuwa ameigeukia deraya, sauti imemlegea. "Leo ndiye Shujaa mwenyewe hasa. Nilipopita Jumamosi nilimwona ana kasoro, nikashindwa kujua nini."

Inspekta akasahau goti. "Kuna picha ya Jumamosi?"

Msimulizi alikuwa nayo kwenye simu. Inspekta akaishika simu mkono mmoja, mkono mwingine akafunua kile kitabu cha picha kilichochakaa pale mezani. Akatazama simu, akatazama kitabu, akatazama deraya.

"Nani aliisimamisha?"

"Mimi mwenyewe."

"Na uliona iko sawa?"

"Sawa kabisa!"

"Hapa kwenye simu bega kubwa liko kulia. Kitabuni liko kushoto, upande unaopokea mkuki wa adui. La kulia ni dogo ili mkono uwe huru. Sasa itazame deraya."

Bega kubwa lilikuwa kushoto. Msimulizi akaligusa kwa kidole.

"Mwizi wako alikusahihisha," Inspekta alisema. "Zamani nani alikuwa akimvisha?"

"Sikuwahi kumvisha mimi. Nilikuwa mezani, nasimulia."

"Sikuuliza hilo."

"Mdogo wake," alisema polepole. "Tulikuwa tunamwachia kazi hiyo kwa sababu ni mdogo wetu. Wiki iliyopita alikuja kuliomba koti. Nikamwambia asubiri wapiga picha waondoke."

"Na hukuona vyema kuniambia?"

"Afande, yule ni kama wa tumbo moja na mimi."

Mbeba Ngao alikuwa msusi. Siku hizi alisukia nyumbani, kibarazani, kwa kuwa mama yake hakuweza kuachwa peke yake. Walikuta kiti cha wateja kitupu na mlango wa chumba umerudishwa. Msimulizi, aliyeng'ang'ania kuja, alisimama nyuma ya Koplo akiwa ameinamisha kichwa.

Inspekta hakuuliza habari za dirisha. Alimpa simu yenye picha ya Jumamosi.

"Dada, hapa kuna kosa gani?"

"Mabega yamegeuzwa," alijibu papo hapo. "Nilimkuta hivyo hivyo, nikaona aibu kwa niaba ya..." Akamrudishia Inspekta simu.

"Endelea."

"Niliingia kuchukua koti tu. Ningemwacha vile, msingenijua. Lakini kaka yangu angesimamaje mbele ya watu bega halipo mahali pake?"

"Koti la nini, lakini?"

"Mama anasahau. Kila akiamka ananiuliza, mwanangu yuko wapi? Namwambia amefariki. Analia kama ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake tena. Afande, kaka yangu nimemzika mara moja, lakini kumuua namuua kila asubuhi." Alijifuta kwa kiganja. "Jana nikamwekea koti mikononi. Akapapasa mishono yake, akalinusa. Akasema, 'Kumbe karudi. Mwacheni alale, amechoka na vita vyao vya mabati.' Leo hakulia."

Inspekta alikumbuka koti la mvua la marehemu mumewe, lililoning'inia bado nyuma ya mlango wake.

"Pole, mwanangu," alisema.

Koplo, aliyejua neno hilo hufuatwa na nini, akagusa pingu. Inspekta akamkata jicho.

Msimulizi akasogea mbele. "Afande, hakuna wizi hapa. Koti liko kwao."

"Na wapiga picha wako?"

"Wamchukue hivyo hivyo, kwenye mbao zake. Wakikataa, basi. Angalau mabega yako sawa." Akamgeukia msusi. "Nisamehe, mdogo wangu. Uliomba, mimi nikakupangia foleni."

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya kikongwe. "Nani huyo? Si yule msimulizi wao? Mmemaliza?"

Msimulizi alimtazama Inspekta, akamtazama msusi, kisha akasukuma mlango. Bibi alikuwa kitandani amekumbatia koti la pazia. Msimulizi akakaa pembeni yake.

"Bado, mama. Tuko mlangoni pa ngome."

"Joka je?"

"Linakoroma ndani."

"Na mwanangu?"

Msimulizi akamwinamia. "Yuko mbele yetu sote, mama. Hatumwoni vizuri kwa giza, lakini yuko mbele."

"Basi endeleeni," bibi alisema, akilaza shavu kwenye koti. "Leo siwapigii kelele. Chakula nitawafunikia."