Fuvu Alilolipangusa Nunzia

Mjini Matera, asubuhi ya siku ya pili ya safari, mtalii mmoja alivua kifaa chake cha sikioni. "Dada Nunzia, huyu mwenzako anayelia joto ni nani?"

Kipaza sauti cha vifaa hivyo kilikuwa kimoja tu, nacho Nunzia, kiongozi wa watalii hao, alikivaa kifuani, juu ya mimba ya miezi saba aliyoitafuta kwa miaka tisa.

"Jua limekupiga, bibi," alitania.

Lakini watalii wengine nao walikuwa wakitazamana. Kisha akasikia harufu ya mishumaa iliyozimwa na mifupa yenye unyevu, palepale uwanjani penye jua.

Jana, katika pango la mifupa kwao Napoli, aliwaeleza jinsi wanawake wa mjini wanavyojichagulia fuvu lisilo na mwenyewe, wakalipangusa na kuiombea roho yake inayoungua toharani ipoe, nayo ikawalipa fadhila. Ili watalii wapate picha nzuri, akapangusa fuvu moja kwa leso yake. Hakusali. Alicheka, akaliacha gizani.

Sabatino, dereva wa basi, alipoambiwa alipiga ishara ya msalaba. "Umelipangusa? Basi umelichukua, wewe! Mpigie shangazi yako sasa hivi!"

Shangazi Assunta, aliyetunza mafuvu manne tangu usichana wake, alipokea simu.

"Mzaha mzaha hutumbua usaha," alinong'ona. "Umemfanya wako, halafu umemtupa. Sasa atajitafutia mwenyewe pa kupoa. Mwombee, mwanangu, kabla hajapapata."

Nunzia alikimbilia kanisani, akipanda ngazi za mawe, harufu ikimfuata nyuma, sauti sasa ikitoka katika vifaa vya watalii wote waliomkimbilia, kwa pamoja, nipoze, nipoze, naye amekumbatia tumbo kwa mikono miwili, akianza sala aliyoijua tangu utotoni na kuipoteza katikati, akiianza tena na kuipoteza tena kwa hofu, mpaka akaanguka mbele ya altare.

Sauti ikakoma. Harufu ikaisha. Sabatino, aliyekuja mbio nyuma yake, alilia kwa furaha.

"Ameondoka, dadangu! Yamekwisha!"

Nunzia alipeleka mkono tumboni. Tumbo lake lilikuwa baridi kama ukuta wa kisima, na ndani yake mtoto alicheza kwa nguvu ambazo hakuwahi kuwa nazo. Kutoka katika kifaa cha mtalii mmoja kilichodondoka sakafuni, sauti ikanong'ona kwa upole: "Hapa pazuri, mama."