Wali wa Shizuyo

Haya si yangu, ni ya shoga yangu Shizuyo wa hapahapa Niigata, Japani, na alinisimulia huku akikunja nguo, bila hata kubadilika uso.

Bintiye, Chinami, hutengeneza michezo ya video, ile ya kutisha. Wakubwa wake walitaka kuutupa mchezo wake mpya, basi akampa mama yake aucheze kwanza, amwambie kweli. Mchana wa mvua Shizuyo akafunga mapazia, akacheza.

Humo mchezoni, kwenye nyumba ya giza, akakuta fumbo: pakua wali, simamisha vijiti vya kulia katikati ya bakuli, andika jina. Wali wa namna hiyo kwetu ni wa maiti, hata mtoto anajua. Lakini mchezo ukiuliza jina, mkono hujiendea wenyewe. Shizuyo akaandika lake.

Alipomaliza akauzima, akampigia bintiye.

"Haya mama, sema. Usinionee haya."

"Mafumbo matamu, mwanangu. Ila kutembeatembea kwingi, nilisinzia. Na mzimu wako kafanana na shangazi yako."

Huyo shangazi namjua. Shizuyo hakusema uongo.

"Mama wee! Hakuna hata kimoja kilichokutisha?"

"Sauti. Nilipoandika jina, mtu akaanza kula gizani, taratibu, vijiti vinagonga bakuli. Hapo umeweza."



"Mama, mchezo bado haujatiwa sauti."

"Ah," akasema Shizuyo. Basi.

"Na mbona unakula huku tunaongea?"

Shizuyo hakuwa na kitu mdomoni.