Kapteni Aliyekunywa Maji ya Mzimu

Mzee Ba Tun, mpishi wa Kapteni Verrinder, alikuwa kaka wa bibi yangu mzaa mama. Asiyeamini akabishane na kaburi lake, si na mimi.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu, chai mezani, kunguru juu ya paa. Kapteni, Mwingereza mwenye nywele nyekundu kama kutu, aliitawala wilaya yetu hapa Burma na huku akiandika kitabu kuhusu mizimu yetu. Na alitujua hasa! Alijua kila nyumba hutundika nazi iliyofungwa kitambaa chekundu, ya mzimu mlinzi aliyechomwa moto akiwa hai, maana maji yake ndiyo humpoza. Alijua pia kwamba haitolewi mpaka nyingine iwe tayari mkononi.

Siku hiyo akaenda kuitoa ya mjane Daw Nyein, awaonyeshe wageni wake, na mwana wa mjane yuko hoi kwa homa.

"Bwana mkubwa, ngoja kwanza nilete nyingine!" Mama wa watu akamshika buti.

"Nazi ni nazi tu, mama." Akamsukuma kwa buti hilohilo.

Kapteni alipofika kwake akaipasua kwa msumeno mbele ya wageni, akayanywa maji. "Kwa afya ya mzimu!" Wakacheka mpaka machozi.

Jioni mtoto akafa.

Kulipokucha, Kapteni ana malengelenge mgongo mzima. Maji yakimgusa ulimi, yanatoa mvuke.

"Ba Tun, nani kawasha jiko humu?"

"Hakuna jiko, bwana."

"Mwongo we! Nasikia harufu ya nyama inaungua."

Ba Tun akainama, akamnusa. Kweli.

Mzee akatundika nazi ukutani. Ikakauka kabla hajashuka kwenye kiti. Akatundika nyingine. Ikakauka.

Adhuhuri Kapteni akabebwa kwa machela hadi kwa Daw Nyein. Mjane alikuwa ameketi mlangoni, nazi mbichi mapajani, kitambaa chekundu begani.

"Mama," Kapteni akanong'ona. "Nisamehe. Mtundikie mzimu."

"Amlinde nani? Nyumba yangu haina mtu."

Akaitoboa nazi. Akayamimina maji mchangani, taratibu, mbele ya macho ya Kapteni. Kapteni akatoa ulimi. Ulikuwa mweusi.

"Si unaijua desturi yetu, bwana mkubwa? Basi nyingine ni wewe."

Kapteni akapiga ukelele mmoja. Kisha akakata roho. Wabebaji wakatazamana. Machela ilikuwa nyepesi.

Daktari wa jeshi aliandika kwamba kilichomuua ni homa. Lakini alipokiinua kichwa cha maiti, kilikuwa chepesi kama kifuu kitupu, na akakirudisha haraka juu ya mto wa kulalia.

Ba Tun akaenda kusafisha meza. Ile nazi iliyopasuliwa kwa msumeno ilikuwa nzima. Haina hata mkwaruzo. Imefungwa kitambaa chekundu. Akaitikisa. Maji yakacheza ndani.

Ilitundikwa kwa bibi yangu miaka yote ya utoto wangu, na mimi mwenyewe nimeishika kwa mikono hii. Haikukauka hata siku moja. Ila kila mvua zikiisha, bibi alikuwa akiishusha, anaiweka mapajani, na kuinyoa nywele nyekundu.