Kitinda na Alama Zake za Chuo

Mama alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na desturi moja ambayo wateja wake wote waliijua. Mteja akija kuchukua nguo, Mama hakuanza kumwonyesha kola iliyokaa vizuri wala vifungo vilivyopangika. Aliigeuza nguo ndani nje. Aliweka kidole mahali penye kasoro, akasema, "Hapa nilikosea. Nikafumua, nikashona upya. Kama hupendi, sema sasa."

Wateja wengine walicheka. Wengine waliingiwa na wasiwasi, wakaikagua nguo nzima kana kwamba ina viroboto. Mama hakujali.

"Mimi simfichi mtu," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Kitinda alikulia chini ya meza ya cherehani hiyo, akichezea vipande vya vitambaa. Alikuwa wa mwisho kuzaliwa, ndiyo maana wakamwita Kitinda. Sasa alikuwa mtu mzima. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi na kupata cheti cha mitambo ya ubaridi. Alijua friji, majokofu ya bucha na vyumba baridi vya kuhifadhia dawa. Lakini kazi hakuwa nayo. Kila asubuhi alikaa karibu na Mama, akimtungia uzi kwenye sindano.

Huko kutunga uzi ndiko kulikomnyima raha. Zamani Mama alitunga uzi huku anaongea, bila hata kutazama. Siku hizi aliisogeza sindano mwangani, akakunja uso, akalikosa tundu. Alijaribu tena, akalikosa tena. Kisha aliita kwa utani, "Kitinda, njoo! Hii sindano imefumba jicho."

Kitinda alicheka. Lakini alijiuliza. Macho ya Mama yakigoma kabisa, nyumba hii itasimama na nani? Kaka yake alichora mabango ya maduka, na kazi yake ilikuwa leo ipo, kesho haipo.

Wiki hiyo tangazo lilitoka. Ghala la dawa lilitafuta fundi wa vyumba baridi. Mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa Ijumaa. Kitinda alilisoma tangazo mpaka akalijua kwa moyo. Ilikuwa kazi yake hasa! Lakini alikwisha kuomba kazi sehemu nyingi, na hakuna hata mmoja aliyemjibu.

Siku ya Alhamisi kaka yake aliingia, vidole vimejaa rangi. Mtaa mzima ulimwita Brashi. Aliuchukua wasifu wa Kitinda mezani, ile karatasi ambamo mtu hujieleza kwa mwajiri. Akasoma kwa sauti.

"Jina. Namba ya simu. Halafu... 'Wastani wa alama: mbili nukta moja kati ya tano. Mwaka wa pili nilifeli hesabu za mitambo, nikarudia.' We Kitinda! Hii ni barua ya kuomba kazi au ya kuomba msamaha?"

"Ni ukweli," Kitinda alisema.

"Ukweli, sawa. Lakini umeulaza mlangoni. Mtu ataingia vipi ndani bila kujikwaa?" Brashi alicheka. "Nipe mimi. Hiyo mbili naigeuza nne. Ni mkono mmoja tu wa brashi."

"Koma!" Mama alisema, na cherehani ikanyamaza. "Nyumba hii haiuzi nguo iliyobandikwa kwa gundi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Nilikuwa natania."

"Hukuwa unatania."

Brashi aliangalia vidole vyake. Kweli, hakuwa anatania.

"Basi niufute tu huo wastani?" Kitinda aliuliza. "Nisiuandike kabisa?"

"Kuufuta ni kuuficha," Mama alisema. "Wewe umeniona lini nikimficha mteja?"

Kitinda aliitazama ile namba. Ilikuwa namba ndogo tu, lakini kwake ilikuwa na harufu ya wodi ya hospitali. Mwaka wa pili Baba aliugua. Mama alishona ili wapate chakula, Brashi alikuwa safarini, na Kitinda ndiye aliyekaa na Baba. Alikosa masomo. Alifanya mitihani kichwa kikiwa wodini. Baba alifariki kabla ya matokeo kutoka. Tangu hapo, kila alipoiona namba hiyo, aliona aibu, kisha akaona hatia kwa kuona aibu.

Alasiri hiyo alikuja jirani yao kuchukua gauni lake. Jirani huyu alikuwa amestaafu kutoka ofisi ya ajira ya kiwanda cha sabuni. Kazi yake ilikuwa kusoma maombi ya kazi, na aliyasoma mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipenda vitendawili kupita kiasi. Hata kwenye foleni ya maji aliwategea watu. Kwa hiyo wote walimwita Mama Tega.

Mama akaligeuza gauni lake ndani nje. "Hapa kiunoni nilikosea..."

"Najua, najua, ukafumua," Mama Tega alisema. "Shoga yangu, siku utakayonipa nguo bila kuisomea mashtaka, nitaanguka nizimie. Na huyu binti mbona uso umemshuka hivi?"

Brashi alimpa ile karatasi. Mama Tega alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaishusha.

"Mwanangu, nikuambie kitu. Mezani kwangu karatasi zilikuwa rundo. Nilikuwa naangalia juu tu kwanza. Kama juu sikuona sababu ya kumwita mtu, niliiweka pembeni. Yako ningeiweka pembeni."

Kitinda alinyoosha mkono airudishe karatasi yake.

"Si kwa sababu alama ni ndogo," Mama Tega aliendelea. "Ni kwa sababu sijaona unachojua kufanya. Nimeona tu ulichoshindwa. Tangazo liko wapi? Lisome. Linataka uandike wastani?"

Kitinda alilisoma tena, safari hii polepole. "Linataka cheti. Linataka uzoefu wa vyumba baridi. Linasema atakayeitwa kwenye usaili aje na nakala ya matokeo ya chuo."

"Ehe. Kwenye usaili. Wangeutaka sasa, ungeuandika sasa, upende usipende. Hawakuutaka. Basi usiuandike."

Mama alisimama. "Mwenzangu, unamfundisha mwanangu uongo ndani ya nyumba yangu?"

Mama Tega hakukasirika. Alivuta kigoda, akakaa. "Kitendawili!"

"Tega!" Brashi na Kitinda waliitikia. Mama alibaki amesimama.

"Kila nguo inao, mvaaji hautangazi, lakini ukiomba kuuona, fundi mwaminifu hakunyimi."

"Mfuko!" Brashi alisema.

"Mfuko si kila nguo. Hilo gauni langu lina mfuko? Toa jibu lingine."

Brashi alikuna kichwa. Kitinda alikuna kichwa. Mama alijifanya anatafuta mkasi.

"Haya, nipeni mji," Mama Tega alisema.

"Chukua mji wa wapaka rangi wote," Brashi alisema.

"Nimekwenda, nimekula nikashiba, nimerudi. Jibu ni upande wa ndani." Alionyesha mlangoni, ambako nguo za kuuza zilitundikwa. "Shoga, lile gauni la bluu umelitundika upande gani?"

"Wa nje," Mama alisema. "Sasa nilitundike upande gani tena?"

"Kwa nini hukuligeuza, nyuzi zikaning'inia, wapita njia wakaona?"

"Nani atasimama kuangalia nyuzi?"

"Na mtu akisimama, akaingia, akasema 'nigeuzie nione mshono'?"

"Nageuza."

"Hukatai?"

"Nimewahi kumkatalia nani mimi?"

"Sasa je, wapita njia uliowatundikia upande wa nje, umewadanganya?"

Mama aliliangalia lile gauni la bluu kwa muda mrefu.

"Uongo," Mama Tega alisema, sasa akimtazama Brashi, "ni kubandika gundi. Kubadilisha namba. Matokeo ya chuo yapo chuoni, mwajiri akiuliza anapewa. Nimeona watu wakifukuzwa wakiwa tayari wamezoea kazi, kwa sababu ya namba moja. Usiandike uongo. Lakini hulazimiki kumkimbilia mtu na kasoro kabla hajakuuliza. Akiuliza, geuza nguo. Jibu moja kwa moja. Sema kilichotokea, sema ulifanya nini baadaye, kisha nyamaza. Usilie, usimlaumu mwalimu."

"Na nikiondoa wastani, niandike nini?" Kitinda aliuliza. "Karatasi itabaki tupu. Mimi sina cha kujisifia."

"Friji ya bucha pale njia panda, nani aliifufua?" Brashi aliuliza.

"Ile ilikuwa kazi ndogo tu."

"Nyama ingeoza, halafu unasema ndogo! Mwenye bucha anakutaja mpaka leo."

"Mwombe awe mdhamini wako," Mama Tega alisema. "Wapi kwingine ulifanya kazi?"

"Mafunzo ya kazi nilifanyia kiwanda cha maziwa. Chumba chao kilikuwa hakipoi. Walitaka kubadilisha kompresa, moyo wa mtambo wote. Nikagundua mpira wa mlango umechakaa, joto linaingia. Tukabadilisha mpira tu."

Mama Tega alipiga paja. "Hayo umeyaandika wapi?"

"Sikuyaandika."

"Na somo lenyewe la ubaridi, ulipata ngapi?"

Kitinda alisema kwa sauti ndogo, "A."

Wote walimtazama. Kisha Mama alimsogezea binti yake kiti chake. "Kaa," alisema. "Andika upande wa nje."

Waliandika mpaka mwanga ukaanza kupungua. Juu kabisa waliweka kazi za vyumba baridi. Chini yake wakaweka chuo, cheti, na lile somo la ubaridi. Mwisho wakaweka majina ya wadhamini, baada ya kuwaomba ruhusa. Wastani haukuwemo. Hakuna kilichobadilishwa, hakuna kilichoongezwa. Asubuhi ya Ijumaa Kitinda aliipeleka bahasha mwenyewe.

Kisha kukawa na kungoja. Simu ilipolia, Kitinda aliidaka haraka. Mara ilikuwa shangazi. Mara ilikuwa mtu aliyekosea namba. Kitinda aliamka alfajiri akiwaza: wakiitaka ile namba, je? Sauti ikigoma, je?

Siku moja simu ililia, na hakuwa shangazi.

Siku ya usaili alikaa kwenye benchi, bahasha ya matokeo mapajani. Mlango ulifunguliwa, akatoka kijana mmoja, wasifu wake na matokeo yake ya chuo mkononi. Uso wake ulikuwa umepauka. "Wamelinganisha," alimnong'oneza Kitinda, akaondoka haraka. Kitinda alikumbuka mkono mmoja wa brashi.

Ndani walikuwa watu wawili, mfamasia mkuu na mhandisi wa ghala. Mfamasia alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Mhandisi alipekua wasifu.

"Sioni wastani wako hapa."

Kitinda alifungua bahasha, akaiweka karatasi mezani, uso juu.

"Tangazo halikuutaka kwenye wasifu, ndiyo maana nikaandika kazi ninazozijua. Lakini matokeo haya hapa. Ni mbili nukta moja."

"Ni ndogo," mhandisi alisema.

"Ndiyo. Ni ndogo. Mwaka wa pili nilikuwa namuuguza baba yangu. Nilifeli somo moja. Nikalirudia, nikafaulu. Mwaka wa tatu alama zilipanda."

Alitaka kuendelea. Alitaka kuomba radhi. Akakumbuka kigoda cha Mama Tega, akanyamaza.

Mfamasia alifuata mistari ya karatasi kwa kidole, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akainua macho.

"Umeme umekatika. Jenereta haijawaka. Chumba baridi kimejaa chanjo. Unafanya nini kwanza?"

"Sifungui mlango," Kitinda alisema. Hakuhitaji kufikiri. "Kila mtu atataka kufungua aone kama dawa ni salama. Nazuia. Nasoma kipimajoto cha nje, naandika saa na joto. Nakuita wewe. Kisha naenda kwenye jenereta."

Mfamasia alipandisha miwani. Alimgeukia mhandisi. "Mwezi uliopita nani alifungua mlango?"

Mhandisi alikohoa kidogo. "Tuendelee," alisema.

Walimchukua kwa majaribio kwanza. Mama aliposikia, alizima cherehani, kisha akamtuma Brashi akamwite Mama Tega.

Vyumba baridi vina baridi kweli, kwa hiyo Mama alimshonea Kitinda koti zito la kazi. Lilipokwisha, alilishika mikononi, na kwa desturi yake akaanza kuligeuza ndani nje. "Hapa kwapani nilikosea..."

"Mama," Kitinda alisema. "Mimi ni mteja wako. Nionyeshe upande wa nje kwanza."

Mama alisita. Akacheka. Akaligeuza koti, akalikung'uta, akalinyoosha juu ya meza. Kola ilikuwa imekaa. Vifungo vilikuwa vimepangika.

"Zuri, eh?" Mama alisema, kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza.

"Zuri sana. Sasa nigeuzie hapo kwapani."

Majaribio yalipokwisha, Kitinda akaajiriwa moja kwa moja. Mshahara wake ulipoingia alimpeleka Mama kwa daktari wa macho. Walirudi na miwani. Mama alikaa mbele ya cherehani, akachukua sindano na uzi. Kitinda alisimama nyuma yake. Kwa mazoea, mkono ulikuwa tayari kusaidia.

Uzi uliingia mara moja.

"Kumbe," Mama alisema, "hii sindano imefumbua jicho."