Mtoto Namba Kumi na Mbili wa Rurambo

"Inua juu zaidi, Honorine! Réseau iko inakuja na kukimbia!"

Honorine alisimama ziwani, maji yakimfika magotini, mkono wenye simu ukiwa juu kama wa shahidi anayeapa. Ulikuwa mwaka wa nne wa uasi, na Uvira nzima ilijua kwamba mtandao wa Bujumbura ulinaswa pale ufukweni tu. Simu ilikuwa ya mchumba wake, Thaddée, aliyebaki mchangani akitoa amri, kwa kuvionea huruma viatu vyake.

Simu ikalia. Ujumbe:

"Chéri, Jumamosi usichelewe. Bajomba bote bamefika kwa dot yetu. Uvae kostimi ya bluu. Wako, Charlotte."

Honorine aliusoma mara mbili, hasa hilo neno dot, yaani mahari, akaufuta.

"Nani huyo?" Thaddée aliuliza.

"Kampuni ya simu. Wanakutakia siku njema."

"Wako na heshima, bale bantu."

"Sana. Jumamosi unafanya nini?"

"Jumamosi? Napanda Rurambo kuangalia batoto. Weye utapanda Ijumaa, si vile?"

"Njiani kuna askari, Thaddée."

"Kwa ajili ya sayansi, mpenzi, minye niko tayari kufa."

"Basi usife kabla ya Jumamosi."

Wote wawili walisomea saikolojia ya makuzi ya watoto, ngazi ya juu baada ya shahada ya licence. Thaddée alikuwa karibu kutetea mémoire yake, yaani tasnifu, na sheria ya kazi ile ilikuwa moja: waangalizi wawili wamtazame mtoto yuleyule, siku mbili tofauti, kila mmoja ajaze fishi yake, karatasi ya maelezo ya mtoto, bila kuona ya mwenzake. Siku ya kutetea, profesa angezilinganisha mbele ya wote. Kwa miaka miwili Honorine alikuwa ametembea kwa miguu Mutarule, Katogota na milimani, akijaza fishi, kwa ahadi mbili: ndoa, na jina lake juu ya jalada kando ya jina la Thaddée. Sasa ndoa ilikuwa imekwenda kwa Charlotte. Kilichobaki kilikuwa jina.

Ijumaa alipanda Rurambo, kijiji cha mlimani. Kwenye kizuizi askari mmoja alimsimamisha.

"Unabeba nini?"

"Biskuti za watoto."

"Hata siye tuko batoto ya muntu," alisema askari, akala nusu ya pakiti kwa niaba ya taifa.

Rurambo, Honorine aliwaangalia watoto kumi na mmoja. Alizitia fishi zao ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi, na aliposhuka akaikabidhi kwa Profesa Jean-Berchmans, kama sheria ilivyotaka. Kisha akaenda kwake, akaketi mezani, akanakili fishi zile kumi na moja, na bila uchungu wala mkunga akamzaa mtoto wa kumi na mbili kwa kalamu.

Jumapili Thaddée alifika akichechemea kwa ustadi.

"Aii, ule mulima! Magoti imekwisha!"

"Pole, mpenzi. Watoto walikuwa wazima?"

"Bazima kabisa. Sikia, uniachie fishi zako. Nione mwandiko tu."

Miaka miwili alikuwa akimwomba hivyo, na miaka miwili Honorine alikuwa akikataa.

"Chukua," alisema, akampa nakala zote kumi na mbili. "Kati yetu kuna siri gani?"

Thaddée akambusu kwenye paji la uso. Honorine alilivumilia busu lile kama mtoto anayechanjwa.

Miezi miwili alivumilia. Alimchekea, akampigia pasi mashati, hata akamsahihishia nukta. Siku ya kutetea, ukumbi ulijaa. Charlotte aliketi mstari wa mbele pamoja na wajomba zake wanne, wote wameshona kitenge kimoja. Thaddée alimweleza Honorine, kwa sauti ya chini, kwamba yule ni binamu.

"Binamu mzuri," alijibu Honorine.

Thaddée alisoma shukrani. Alimshukuru Mungu, mama yake, jury ya watahini, halafu akasema:

"Na dada mmoja aliyenisaidia kubeba karatasi."

Dada huyo alikuwa kwenye kiti cha mwisho. Alikunja mikono, akasubiri.

Profesa Jean-Berchmans alivaa miwani.

"Bwana mtahiniwa, ulipanda Rurambo mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu, Profesa."

"Utusomee mtoto wa mwisho wa huko, namba kumi na mbili."

Thaddée alikohoa kisomi, akasoma:

"'Mvulana, miezi thelathini na sita. Akipewa biskuti huificha, halafu hulia kwamba amenyimwa. Hupenda zaidi kitu kilicho mkononi mwa mwenzake. Akiulizwa anampenda nani, humtaja yule aliyemuuliza.'"

Mahali fulani nyuma mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

"Uliyaona haya wewe mwenyewe?"

"Kwa macho yangu. Saa mbili nzima niliketi na yule mtoto. Nilimpenda, Profesa."

"Siku gani?"

"Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tisa."

Profesa alichana bahasha ya Honorine mbele ya watu wote, akahesabu fishi kwa kidole.

"Mwenzako alikuwa huko siku moja kabla yako. Ana watoto kumi na mmoja. Mademoiselle Honorine, huyu wa kumi na mbili ni nani?"

Honorine alisimama.

"Hayupo, Profesa. Nilimtunga kwangu, mezani. Nilimpa Thaddée nakala yenye uongo huo ili nijue kama anapanda kweli."

"Uongo!" Thaddée alipaza sauti. "Wivu tu! Jumamosi ile nilikuwa Rurambo toka asubuhi mpaka jioni, naapa kwa mama yangu!"

Hapo Charlotte akainuka, taratibu.

"Tarehe kumi na nne? Thaddée, si njo siku ya dot yetu?"

"Charlotte, ikala kwanza..."

"Sikai! Bajomba, huyu alikuwa wapi siku ile?"

"Alikuwa kwetu," mjomba mkubwa alisema. "Alikula mbuzi yetu akiwa na kostimi ya bluu. Ao alikuwa muntu mwingine?"

Profesa alivua miwani.

"Bwana mtahiniwa, chagua. Kama ulikuwa Rurambo, hukutoa dot. Kama ulikuwa kwenye dot, huna mémoire."

Charlotte alivua pete, akaiweka juu ya mémoire kama kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke, akatoka na kitenge chote nyuma yake. Jury haikuchukua hata dakika kumi: kazi imekataliwa, na fishi za Honorine zirudi kwa Honorine, aandike ya kwake, kwa jina lake.

Nje, Thaddée alimkimbilia.

"Honorine! Weye njo nilikuwa napenda toka mwanzo. Tuanze upya."

"Kweli?"

"Naapa!"

"Basi panda Rurambo kesho. Ukaombe msamaha kwa kila mama uliyedai umemwangalia mtoto wake. Wako kumi na mmoja. Nitakwenda kuwauliza mmoja mmoja, na wote wakisema ulifika, tutaongea."

Thaddée aliinua macho kwenye mlima, ambao mchana ule ulikuwa karibu kabisa, mweupe kwa jua. Kisha akageuka, akaanza kutembea, kuelekea upande wa ziwa.